Mgeni Afikie Mtaa Gani? Somo kwa Msafiri Aendaye Mji Mkubwa

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mfungo Sita, mtaa wa Langoni katika mji wa Lamu hujaa wageni. Hutoka Mombasa, Malindi, Unguja, Ngazija na hata ng'ambo ya bahari, nao huja kwa ajili ya Maulidi yasomwayo katika Msikiti wa Riyadha. Wako wageni wafikao wakiwa wamekwisha jua watalala wapi. Wako na wengine washukao gatini na mzigo begani, wakatazama kushoto na kulia, kisha wakamwuliza mtu wa kwanza waliyemwona, "Wapi pazuri pa kulala?"

Mtu wa Langoni mwenye busara halijibu swali hilo upesi. Naye kwanza humwuliza mgeni, "Umejia nini?" Maana Lamu, ijapokuwa ni mji mdogo, ina pande zake, na kila upande una jambo lake. Langoni ni upande wa kusini, na huko ndiko uliko Msikiti wa Riyadha. Mkomani ni upande wa kaskazini, penye nyumba nyingi za kale za mawe na milango ya nakshi. Shela ni kijiji kilicho mbali kidogo, mwendo wa kilomita tatu hivi kwa kufuata pwani, penye mchanga mweupe na utulivu.

Mgeni aliyejia Maulidi akifikia Langoni, husikia dufu akiwa chumbani, na baada ya kisomo cha usiku hurudi kulala kwa hatua chache. Lakini mgeni yule yule akiambiwa kwamba Shela ni pazuri kuliko kote, akaenda kupanga huko, hujikuta usiku wa manane akitafuta mashua ya kukodi, au akitembea gizani huku viatu vimejaa mchanga. Hakudanganywa, kwani Shela ni pazuri kweli. Kosa lake ni kwamba aliuliza palipo pazuri, wala hakuuliza palipo karibu na haja yake.

Hilo ndilo somo letu la leo, nalo ni la faida kubwa zaidi siku mambo yageukapo, yaani mtu wa Langoni, au wa kijiji kingine chochote, awapo yeye ndiye mgeni katika mji mkubwa.

MFANO WA MGENI MMOJA

Kabla ya kuondoka Lamu, na tumkumbuke mgeni mmoja aliyechagua mtaa wake vema. Habib Swaleh bin Alwy Jamalilleyl alikuwa mtu wa Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya 19. Zamani hizo heshima ya mji ilikuwa upande wa Mkomani, kwenye nyumba za mawe, na Langoni palikuwa pa watu wanyonge, wageni na wenye vibanda vya udongo na makuti. Kwa kuwa alikuwa sharifu, angaliweza kutafuta makao yake miongoni mwa wakubwa. Lakini haja yake ilikuwa kufundisha, na watu waliokosa mafundisho walikuwa Langoni. Akakaa Langoni, na huko ndiko alikoanzisha kazi ya Riyadha. Alifariki mwaka wa 1935, na hata leo wageni wa kila mwaka hufuata njia iendayo mtaa ule.

Twaona basi kwamba mtaa haupimwi kwa sifa zake peke yake. Hupimwa kwa kazi aliyoijia mtu.

SURA YA MJI WA MOMBASA

Mji mkubwa ulio karibu na watu wa Lamu ni Mombasa. Kutoka gati ya Mokowe hadi Mombasa ni yapata kilomita 340 kwa barabara, kwa kupitia Witu, Garsen, Malindi na Kilifi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti nzima ya Lamu ilikuwa na watu 143,920, na Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kwa hiyo mtu atokaye Langoni huingia mahali ambapo, kwa kila mtu mmoja wa Lamu, wako zaidi ya wanane. Mahali kama hapo hapajulikani kwa kuzungukwa siku moja.

Hata hivyo sura ya mji wenyewe si ngumu kuielewa, na ni wajibu wa kila msafiri kuiweka kichwani kabla ya kupanda gari. Katikati ya Mombasa ni kisiwa. Upande wa kaskazini kisiwa huungana na bara kwa Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980 badala ya daraja la zamani la kuelea la mwaka 1931. Ng'ambo yake ziko Nyali, Kongowea, Kisauni na Bamburi. Upande wa magharibi kisiwa huungana na bara kwa njia ya Makupa, na huko ziko Changamwe, uwanja wa ndege, na Miritini. Upande wa kusini watu huvuka kwa feri kwenda Likoni.

Mtu akiisha kuyajua hayo atafahamu jambo moja kubwa: katika Mombasa umbali haupimwi kwa kilomita tu. Hupimwa kwa maji. Mahali palipo karibu machoni paweza kuwa mbali kwa mwendo, ikiwa kati yako na mahali hapo pana daraja lililosongamana magari au feri yenye foleni. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mgeni ni hii: kama haja yako iko kisiwani, lala kisiwani, kama haja yako iko bara, lala bara ile ile. Usijiwekee maji kati ya kitanda chako na kazi yako bila ya sababu kubwa.

MITAA NA HAJA ZAKE

Sasa na tuitazame mitaa kidogo kidogo.

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, penye Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, karibu na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Mtu wa Lamu akiingia humo hujiona kama hakutoka kwao. Vichochoro ni vyembamba, milango ina nakshi, misikiti iko karibu karibu, na lugha ni ile aizoeayo. Mtaa huu wamfaa mtu mwenye shauri mahakamani au katika maofisi ya Treasury Square, na yule aliyekwenda kuomba pasipoti katika jumba la Uhuru na Kazi, kwa kuwa pote hapo hufikika kwa miguu. Wamfaa pia mfanyabiashara anunuaye viungo na vitambaa, maana soko liitwalo Marikiti, katika barabara ya Digo, haliko mbali. Upungufu wake ni kwamba nyumba za kulala wageni zenye bei nafuu si nyingi, na watu wengi hufikia kwa jamaa. Tena vichochoro vile vilivyo vizuri mchana havifai kupitwa na mgeni peke yake usiku wa manane.

Majengo uko ndani zaidi ya kisiwa. Ni mtaa wa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Watu wengi wa pwani na wa bara walianzia maisha yao ya mjini humo. Ni karibu na vituo vya mabasi yaendayo Malindi na Lamu, na si mbali na hospitali kuu. Ni mtaa wenye watu wengi na kelele nyingi. Mtu mwenye haja ya kulala mapema asistaajabu akisikia maisha ya mtaa yakiendelea hata usiku.

Mwembe Tayari na pande zake ni mahali pa mabasi yaendayo Nairobi. Nyumba za kulala wageni zipo, nazo humfaa msafiri apitaye tu, afikaye jioni na kuondoka asubuhi. Lakini palipo na vituo vya mabasi pana pia wachukuzi wa mifuko ya watu. Msafiri asifungue mkoba wake njiani.

Tudor, Ganjoni na Kizingo ni mitaa iliyotulia zaidi, na gharama yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya Majengo. Ganjoni humfaa mwenye kazi pande za bandari ya Kilindini. Kizingo humfaa mwenye mgonjwa katika hospitali za pande hizo.

Nyali na Bamburi ni mahali pa mahoteli ya pwani na majumba makubwa. Aliyekwenda kupumzika, au aliyealikwa harusi huko, atafurahi. Kongowea ina soko kubwa la jumla la mboga na matunda, na mwenye biashara hiyo hana sababu ya kulala kisiwani, kwa kuwa kazi ya soko huanza alfajiri.

Likoni ni pazuri kwa mwenye haja ya Likoni au ya Pwani ya Kusini. Ni kweli kwamba waendao kwa miguu hawalipi nauli ya feri. Lakini wakati nao una thamani, na mtu mwenye miadi ya asubuhi kisiwani hawezi kuiamuru feri imngoje.

Miritini ndipo kilipo kituo cha reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Wageni wengi hukosea hapa. Wamesikia wazee wao wakisimulia habari za stesheni ya zamani iliyokuwa mjini, nao hudhani kwamba gari la moshi bado huanzia pale. Mwenye tikiti ya asubuhi na alale upande huo, au aondoke kisiwani mapema sana.

MGONJWA NA HESABU YA NAULI

Katika haja zote, haja ya ugonjwa ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Wagonjwa wengi wa Lamu ambao maradhi yao yamezidi uwezo wa hospitali ya kwao hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani. Hospitali hiyo iko kisiwani, upande wa njia iendayo Daraja la Nyali. Mgonjwa huambatana na ndugu mmoja au wawili, na ndugu hao ndio hasa watakaohitaji mtaa. Maana mgonjwa akilazwa, kitanda chake ni cha hospitali, lakini wao watalala wapi?

Watu wengi hutafuta chumba cha bei ya chini kuliko vyote. Na tufanye hesabu. Bei tutakazotaja si bei za mahali fulani, ni mfano wa kujifunzia tu.

Tuseme chumba cha kwanza kiko mbali, ng'ambo ya daraja, na bei yake ni shilingi 600 kwa usiku. Chumba cha pili kiko karibu na hospitali, na bei yake ni shilingi 900. Mtu wa haraka atasema, "Nachukua cha kwanza, nipate shilingi 300 za chakula." Lakini ndugu wawili wa mgonjwa wapanda matatu kwenda na kurudi. Tukisema nauli ni shilingi 50 kwa kila mtu kwa kila safari, kwenda na kurudi kwa watu wawili ni shilingi 200. Nao huenda mara mbili kwa siku, mchana na jioni, kwa kuwa mgonjwa hupelekewa uji, na daktari aweza kuagiza dawa ya kununuliwa nje. Hizo ni shilingi 400. Ongeza 600 za chumba, jumla ni shilingi 1,000 kwa siku. Katika siku 5 watatumia shilingi 5,000. Lakini wale walio karibu, waendao kwa miguu, watatumia shilingi 900 kwa siku, yaani 4,500 kwa siku 5. Chumba kilichoonekana ghali kimeokoa shilingi 500.

Tena hatujahesabu jambo lisilohesabika kwa fedha. Usiku simu yaweza kulia kutoka hospitali: ndugu yenu amezidiwa, njoni. Aliye karibu atavaa viatu na kutembea, na pengine atafika akaushika mkono wa mgonjwa wake. Aliye mbali atasimama barabarani akingoja gari. Mtu akiisha kupitia hali hiyo mara moja, hatauliza tena mtaa gani ni rahisi.

JINA LA MTAA LISIKUDANGANYE

Liko kosa jingine linalowapata hasa watu wa Lamu. Majina ya mitaa ya pwani hurudiwa rudiwa. Mkomani iko Lamu, na Mkomani iko Mombasa, bara ya Nyali. Shela iko Lamu, na Shela iko Malindi. Kizingo ni mtaa wa Mombasa, na Kizingoni ni pwani ya kisiwa cha Lamu. Majengo iko Mombasa, na Majengo iko Nairobi. Mtu akiambiwa kwa simu, "Shuka, kisha uulize Majengo," aweza kudhani ameelewa, kumbe hajaelewa kitu.

Kwa hiyo usiridhike na jina la mtaa peke yake. Taka mambo manne, na uyaandike katika karatasi, kwa sababu simu huisha moto: jina la mtaa, jina la barabara au la kituo cha matatu, alama ijulikanayo na watu wote, kama vile msikiti, kanisa, shule au soko, na jina la mwenye nyumba pamoja na namba yake ya simu. Karatasi hiyo iweke mfukoni, si ndani ya mzigo uliofungwa juu ya gari.

Pia mwambie kondakta mapema mahali utakaposhuka. Mabasi yatokayo Lamu hupita pande za Bamburi na Kongowea kabla ya kuvuka daraja. Wako watu ambao nyumba waiendayo iko bara, nao huchukuliwa hadi kisiwani, kisha wakalipa nauli nyingine kurudi walikotoka.

MAULIZO KABLA YA SAFARI

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza nako kuna namna yake. Sikilizeni mazungumzo haya ya kijana wa Langoni na mjomba wake akaaye Mombasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Mjomba, mama ana miadi katika hospitali kuu siku ya Jumanne. Nimesikia Bamburi viko vyumba rahisi, tena pana upepo wa bahari. Nimpeleke huko?"

"Upepo ni mzuri, mwanangu. Lakini mama yako ametakiwa hospitalini saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na saa hiyo ndiyo saa ambayo bara yote ya kaskazini yataka kupita juu ya daraja moja. Je, mama yako aweza kupanda ngazi?"

"Hawezi, mjomba. Goti lamwuma."

"Basi usitafute chumba cha ghorofani, hata kikiwa cha bure. Mtafika siku gani?"

"Jumatatu jioni, inshallah."

"Fikeni Jumapili. Gari laweza kuchelewa njiani, na mtu mgonjwa asiingie kwa daktari akiwa na uchovu wa barabara. Mimi nitakwenda kukitazama chumba cha karibu kwa macho yangu. Nikisema kinafaa, ndipo utume fedha."

Mjomba huyu ameuliza mambo ambayo kijana hakuyafikiri. Ameuliza saa, ameuliza afya, ameuliza siku ya kufika, na mwisho amekataa fedha zisitumwe kabla chumba hakijaonekana. Jambo hili la mwisho ni la kushikwa sana. Wako walaghai watoao picha za vyumba visivyo vyao, nao hutaka malipo ya mbele kwa simu. Kama huna jamaa wa kukutazamia, heri ulipe mlangoni baada ya kuona, au ufikie nyumba iliyotumiwa na mtu unayemjua.

KUFIKIA KWA JAMAA

Wengi wetu tuendapo mjini hatupangi chumba. Twafikia kwa shangazi, kwa kaka, au kwa mtu wa kwetu. Desturi hii ni njema, nasi hatuitaki ife. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini maisha ya mjini si kama ya Langoni, ambako mtoto wa jirani hula popote adhuhuri ilipomkuta. Mjini maji hununuliwa, mkaa hununuliwa, na chumba kimoja chaweza kuwa ndicho sebule mchana na ndicho kitanda cha watoto usiku.

Kwa hiyo mwambie mwenyeji wako mapema siku ya kufika na siku ya kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini hapana shamba la kulima, na jembe lenyewe ni fedha ya sokoni. Mgeni mwema hamngoji shangazi yake aombe, humtia mkononi kwa adabu, na kusema, "Shangazi, hii ni ya mboga." Tena alete kitu cha kwao, kama vile samaki mkavu, nazi, au halua.

Na kama nyumba ya jamaa iko mbali na haja yako, usione haya kulala kwingine kwa siku za kazi, kisha ukaenda kumsalimu jamaa kazi iishapo. Mweleze sababu. Jamaa mwenye akili atafurahi kwamba umeifikia miadi yako, kuliko kuona umeikosa kwa ajili ya kumridhisha yeye.

MIJI MINGINE

Kanuni hizi si za Mombasa peke yake. Aendaye Nairobi kununua nguo za biashara katika mtaa wa Eastleigh, upande wa mashariki ya mji, asipange upande wa Hospitali ya Kenyatta. Na mwenye mgonjwa Kenyatta asipange Eastleigh kwa sababu tu ndiko waliko watu awajuao. Katika Dar es Salaam hospitali ya Muhimbili iko Upanga, lakini wengi hufikia mbali kwa kufuata ndugu. Unguja mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa mgeni aliye Mji Mkongwe aweza kwenda kwa miguu bandarini, na pia hospitali ya Mnazi Mmoja. Kila mji una maji yake, au reli yake, au barabara yake iliyosongamana. Kazi ya msafiri ni kuuliza kizuizi hicho kiko wapi, kisha alale upande ule iliko haja yake.

Ndugu msomaji, chumba kizuri kilicho mbali na haja yako ni mzigo, na chumba cha kawaida kilicho karibu nayo ni msaada. Ukiitwa mjini, jiulize lile swali ambalo watu wa Langoni humwuliza mgeni wa Maulidi: umejia nini? Ukilijibu kwa ukweli, mtaa wako utakuwa umekwisha jichagua nusu. Nusu iliyobaki ni kuuliza, kuhesabu, na kuandika katika karatasi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini mgeni aliyejia Maulidi hakufanya vema kupanga Shela, ingawa Shela ni pazuri?

2. Taja njia tatu ambazo watu hutumia kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda bara. Ni ipi ambayo ungependa kuiepuka asubuhi ya miadi, na kwa nini?

3. Katika hesabu ya ndugu wa mgonjwa, kama angekuwa ndugu mmoja badala ya wawili, chumba gani kingekuwa nafuu? Fanya hesabu mwenyewe, kisha useme ungechagua kipi.

4. Andika mambo manne ambayo ungeyataka kwa mtu anayekuelekeza nyumbani kwake.

5. Jamaa yako akaa Likoni, nawe una shauri mahakamani asubuhi, kisiwani. Utamweleza vipi, kwa adabu, kwamba usiku wa kwanza utalala Mji wa Kale?